Wiki Saba za Kusubiri Bajeti

Benchi lenyewe lilikuwa mlango wa zamani, tundu la kitasa bado lipo, uliolazwa juu ya ndoo mbili zilizojazwa zege, kwenye kona ambapo barabara ya kituo cha afya inakutana na barabara ya viwandani. Mama Birika aliweka jiko lake upande wa ukuta ili upepo usimmalizie makaa. Pembeni yake alikaa Spika, fundi viatu, mwenye sanduku la misumari na redio iliyofungwa mpira ili betri zisichomoke. Jina hilo alipewa kwa sababu hakukosa kikao cha Bunge hewani, na ukimkatiza mbunge anaposema, Spika alikuamuru ukae hata kama umekaa. Stoo alikuja saa nne, akishafungua na kufunga ghala la dawa la kituo cha afya, kazi ambayo siku hizi ilimchukua dakika kumi kwa kuwa rafu zilikuwa tupu. Mvuke alikuja akitoka zamu, macho mekundu, nyusi zimeungua nusu, maana yeye ndiye aliyeendesha boila ya kiwanda cha kufulia. Wa tano alikuwa Mkaguzi, na huyu hakuwa mtu wa kukaa. Kwa miaka tisa alikunywa kikombe kimoja kila asubuhi akiwa wima, mkoba wa kazi begani, akashuka viwandani kukagua boila, lifti na milango ya dharura kwa niaba ya Wizara ya Kazi. Sasa ilikuwa wiki ya nne anakaa, kuanzia asubuhi mpaka jua la mchana limfukuze, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, kama mtu aliyeitwa kwenye usaili halafu akasahauliwa mapokezini.

Mkewe alijua kwamba hana kazi. Mama mkwe, aliyekuja kukaa nao tangu alipoanza kuumwa miguu, hakujua, na kila asubuhi alimwombea heri ya kazi mlangoni. Kwa hiyo Mkaguzi alitoka saa ile ile, na mkoba ule ule.

Asubuhi hiyo redio ilikuwa imefunguliwa mapema.

— Leo inapita, Spika alisema. Nimeisikia sauti ya mwenyekiti wa kamati. Ana sauti ya mtu anayetaka kwenda nyumbani.

— Ulisema hivyo wiki iliyopita, Stoo alimjibu.

— Wiki iliyopita alikuwa na mafua.

Mama Birika alimimina kahawa, akashika kiuno.

— Hebu mnieleze mimi nisiyejua kitu. Hela ya kituo cha afya inatoka wapi mpaka ifike pale ng'ambo? Maana ndiyo hiyo hiyo anayoingoja binti yangu aingie chuo.

Spika alizima nyundo, yaani aliiweka chini, jambo alilofanya kwa mambo makubwa tu.

— Sikiliza. Kwanza kila wizara inaandika inachotaka. Inapeleka Hazina. Hazina inakata.

— Inakata nini?

— Inakata tu, ndiyo kazi yao. Kinachobaki kinaenda kwenye kamati ya Bunge. Kamati inamwita waziri, inamkalisha, inamuuliza mwaka jana ulifanyia nini. Akitoka hapo ameloa jasho. Kisha Bunge zima, kifungu kwa kifungu, ndiyo au siyo. Ikipita, mkuu wa nchi anasaini, inakuwa sheria. Hapo Hazina ndipo inafungua bomba. Barua zinashuka wizarani, mkoani, mpaka hapa kwetu.

— Na sasa imekwama wapi?

— Kifungu kwa kifungu. Mwaka huu wameziweka wizara tatu kwenye muswada mmoja. Kazi, Afya na Elimu.

— Kwa nini?

— Ili ziende pamoja.

— Sasa si zimekwama pamoja! Mama Birika alisema, akageukia jiko lake.

Stoo alicheka bila furaha. Alikuwa mtu mrefu mwenye funguo kiunoni, na siku hizi funguo zilipiga kelele kuliko yeye.

— Mimi nawaambia si kifungu. Ni posho. Kila siku wakikaa, wanalipwa kikao. Ungekuwa wewe, ungemaliza?

— Posho gani, bwana! Spika alifoka. Wanagombania neno. Kuna mahali pameandikwa "taasisi zote". Upande mmoja wanasema "zote" ni nyingi mno.

— Wiki nne kwa neno moja?

— Wewe hujaona watu waliotalikiana kwa neno moja?

Mvuke, aliyekuwa ameegemea ukuta macho yamefumba, alisema bila kuyafumbua:

— Lakini si walisema kuna sheria ya muda? Serikali iendelee kutumia kama mwaka jana?

Wote walimgeukia Mkaguzi, kwa kuwa hilo lilikuwa lake. Mkaguzi alizungusha kikombe mkononi.

— Ipo. Ila ni kwa yale yanayoendelea tu. Jambo jipya haliruhusiwi mpaka bajeti ipite.

— Na wewe ni jambo jipya? Mama Birika alishangaa. Na hizo mvi?

— Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja. Mwaka wa fedha ukiisha, nao unaisha. Ukianza tena, kwenye karatasi ni mpya. Mimi, mama, nazaliwa kila mwaka.

Walicheka. Mvuke alicheka kuliko wote, akakohoa, akafuta macho. Walipotulia ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kiberiti:

— Kaka Mkaguzi, valvu ya usalama ikifungwa waya, inakuwaje?

Mkaguzi aliweka kikombe chini.

— Nani kaifunga waya?

— Fundi wa umeme, kwa amri ya meneja. Ilikuwa inavujisha mvuke, pasi zinapoa, mashuka ya hospitali yanachelewa. Akasema ifungwe mpaka valvu mpya ije. Waya wa kufungia nondo, mizunguko minne.

— Na geji inasomaje?

— Mshale unafika kwenye mstari mwekundu. Ukitaka kuvuka, nafungua bomba la chini kwa mkono, kidogo kidogo, unarudi.

— Na ukienda msalani?

Mvuke alitabasamu.

— Siendi.

Kwa mtu mwingine hayo yalikuwa maneno ya kazi. Mkaguzi alijua maana yake. Valvu hiyo ndiyo pua ya boila; ukiiziba, chombo chenye ukubwa wa chumba kinashikilia pumzi mpaka pale chuma kilipo dhaifu. Na ile boila aliijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyeigonga kwa nyundo mwishoni mwa mwaka wa fedha uliopita, akaweka alama ya chaki kwenye mshono wa nyuma, akaandika: iangaliwe tena ndani ya miezi sita.

— Acha kazi leo, alimwambia.

— Nikiacha, kesho anaingia mtu asiyejua hata geji ni ya nini. Na chumba kile kimepakana na wanawake wa pasi, kumi na wanane. Mvuke alishusha sauti. Njoo uangalie. Meneja anakuogopa. Ukisema neno moja tu, ataufungua ule waya.

— Sina mkataba.

— Njoo kama rafiki. Uangalie kwa macho tu.

Mkaguzi alichukua mkoba wake, akaenda ofisini.

Ofisi ya Kazi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la matairi. Ofisa mkuu alikuwa peke yake kati ya meza sita, amevaa koti kana kwamba anajiandaa kuondoka. Alimsikiliza Mkaguzi mpaka mwisho, na hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akajisugua macho.

— Ndugu yangu, unataka nikwambie nini? Huna mkataba, huna kitambulisho. Ukiingia mle, wewe ni mtu aliyeingia kwa watu. Ukiumia, hakuna wa kukulipa. Meneja akikushitaki, mimi siwezi kusimama.

— Basi nenda wewe, mkuu.

— Mimi boila siijui. Nitaangalia nini? Na gari halina mafuta.

— Mpigie simu meneja.

— Nimpigie nimwambie nini? Kwamba nitamletea mkaguzi nisiyekuwa naye? Alivuta karatasi. Andika taarifa. Naiweka kwenye faili. Siku barua yako ikishuka, unaanza na hapo, hata kabla hujanywa chai.

Mkaguzi aliandika kurasa mbili. Ofisa alizisoma, akapiga muhuri, akafungua faili.

— Na nikushauri kitu kimoja, ofisa alisema, Mkaguzi alipofika mlangoni. Makao makuu wanaandaa orodha ya watakaorudishwa. Mwaka huu si wote. Usijitafutie jina.

Hilo ndilo lililomfuata ngazi zote mpaka chini.

Hata hivyo, Jumatatu iliyofuata alipiga moyo konde. Hakupitia benchini. Alikwenda moja kwa moja kiwanda cha kufulia, mkoba begani, kama siku zote. Mlinzi alimjua, alisimama, akampa mkono, akamsogezea daftari la wageni. Safu ya kwanza: jina. Aliandika. Safu ya pili: ofisi utokako. Safu ya tatu: sababu ya kuja.

Mkaguzi alishika kalamu juu ya safu ya pili. Nyuma ya ukuta aliisikia boila ikiguna, na juu yake wanawake wa pasi wakiitana na kucheka. Akawaza ile orodha. Akamwaza mama mkwe na mafuta yake ya miguu. Akajiambia kwamba Bunge linakaa Alhamisi. Siku tatu tu, na atakuwa na haki ya kuingia humu na kuufunga mlango kwa lakiri.

— Umesahau kitu, bosi? mlinzi aliuliza.

— Nimesahau fomu. Nitarudi.

Alilikata jina lake kwa mstari mmoja, akaondoka. Hakumwambia mtu yeyote.

Alhamisi benchi lilijaa. Hata wasiokunywa kahawa walisimama kuzunguka redio ya Spika. Waziri wa Fedha alisema, mwenyekiti wa kamati akasema, wakafika kifungu cha tisa, chenye lile neno "zote". Mmoja akasimama kuomba mwongozo. Mwingine akasimama kuomba mwongozo juu ya mwongozo. Ndipo mtu akaomba wabunge wahesabiwe, na walipohesabiwa wakaonekana hawatoshi kupiga kura.

— Wamekwenda wapi? Mama Birika aliuliza.

— Chakula, Spika alisema, kwa aibu, kana kwamba ni ndugu zake.

Kikao kiliahirishwa mpaka Jumanne. Watu walitawanyika bila hata kutukana. Mvuke, ambaye alikuwa amechelewa zamu ili asikilize, alikung'uta suruali.

— Jumanne si mbali, alimwambia Mkaguzi, kama vile yeye ndiye aliyepaswa kumfariji.

— Geji?

— Imepita mstari kidogo. Nimeizoea.

— Mvuke, kitu kile hakizoeleki.

— Najua, kaka. Alimpiga begani, akashuka zake barabara ya viwandani, akitembea upande wa kivuli.

Jumanne asubuhi redio ilianza kwa nyimbo, kwa kuwa Bunge lilikuwa halijaingia, na benchi likabaki na kazi ya kukisia.

— Nimepata habari, Stoo alisema. Kitabu cha bajeti kimepotea. Kilikuwa kimoja, kikubwa, mtu kakipeleka kukifunga jalada, na aliyekipeleka kastaafu.

— Upuuzi, Spika alijibu. Vitabu vipo mia nne, kila mbunge ana chake.

— Wanavisoma?

— Wanavikalia. Viti vya kule ni vifupi.

— Mimi nasikia, Mama Birika alisema, huyo waziri wa Elimu na yule wa Afya walikuwa wachumba zamani. Hawasemezani. Sasa utawaweka muswada mmoja?

— Yule wa Afya ana miaka sabini na mbili!

— Kwani kinyongo kina pensheni?

— Hamjui kitu nyote, Stoo aliendelea, amepamba moto. Hakuna bajeti. Haijawahi kuwepo. Kila mwaka wanasoma kitabu kile kile, wanabadilisha tarehe. Mwaka huu aliyekuwa anabadilisha tarehe kafa, ndiyo maana...

Hakumaliza. Kwanza ardhi iligonga nyayo zao, kisha ndipo mlio ukaja. Mlio wenyewe haukuwa mkali. Ulikuwa mzito, kama lori lililoangusha mzigo wote kwa pamoja. Birika liliteleza jikoni. Kunguru waliruka juu ya mabati. Halafu, kutoka chini ya barabara ya viwandani, wingu jeupe likapanda, safi kabisa, bila moshi.

— Ni transfoma, mtu alisema.

Mkaguzi alikuwa ameshaanza kukimbia.

Ukuta wa nyuma wa kiwanda ulikuwa umelala chini. Wanawake wa pasi walikuwa wametoka, wengine wamejifunga mashuka vichwani, wakihesabiana kwa majina, wakikosea, wakianza upya. Mmoja wao alimshika Mkaguzi mkono akamwambia mara tatu:

— Alitupigia kelele tutoke. Alitupigia kelele tutoke. Sisi tukatoka, yeye akarudi kufungua bomba.

Walimkuta Mvuke kando ya mfereji. Alikuwa anapumua. Alikuwa amevaa viatu vyake vyote viwili, na Mkaguzi, ambaye hakujua aangalie wapi, aliangalia viatu.

Kituo cha afya kilikuwa hatua mia tano. Walimbeba juu ya ubao wa kupigia pasi. Nesi alimwona, akamwita Stoo, na Stoo akafungua ghala. Kulikuwa na maboksi mawili ya shashi, yaliyobaki kwa ajili ya wodi ya wazazi, na amri imebandikwa juu yake kwamba yasiguswe. Stoo aliichana ile amri. Dawa ya kupaka majeraha ya moto ilikuwa imeisha mwezi uliopita. Oda yake ilihesabika kuwa mpya.

Gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa, limeoshwa, halina mafuta. Dereva wa kiwanda ndiye aliyesema, tumpakie kwenye gari letu. Kwa hiyo Mvuke alipelekwa hospitali kubwa akiwa amelazwa juu ya marobota ya mashuka ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyatolea mvuke asubuhi ile, na Mkaguzi akakaa naye nyuma.

Njiani Mvuke alifungua macho mara moja.

— Wametoka wote?

— Wote. Kumi na wanane.

— Basi, alisema.

Mkaguzi alitaka kumwambia juu ya ile Jumatatu, juu ya lile daftari na ile kalamu. Lakini gari lilikuwa linaruka mashimo, mtu anauma meno kwa maumivu, na akaona kwamba kumwambia sasa ni kumtwisha mzigo mwingine ili yeye apumue. Akaendelea kushikilia kona ya shuka isimguse.

Mvuke alikaa siku nne. Ya tano alfajiri alifariki, dada yake mkubwa akiwa kando ya kitanda, aliyekuja kwa basi kutoka mbali.

Kwa siku kadhaa Spika alishona viatu redio imezimwa. Mama Birika alimimina vikombe vitano kwa mazoea, akaona, akamwaga kimoja kwenye majivu.

Muswada ulipita Jumatano ya wiki ya saba. Spika alikuwa amewasha redio bila kutaka, kama mtu anayejikuna. Walisikia wabunge wakiitika "ndiyo" kwa sauti moja, wakisikika wameshiba, kisha meza zikapigwa makofi.

— Umepita, Spika alisema.

— Ilikuwa nini basi? Mama Birika aliuliza. Lile neno?

— Wameondoa "zote". Wameweka "husika".

— Na tofauti yake?

Spika, aliyekuwa mtu wa kweli katika mambo ya Bunge, aliizima redio.

— Sijui, alisema.

Mkuu wa nchi alisaini Ijumaa. Wiki iliyofuata, baada ya saa nne, tarishi wa Ofisi ya Kazi alifika benchini na bahasha ya Mkaguzi. Mkaguzi alikuwa kwenye orodha. Ndani kulikuwa na mkataba na barua ya kazi ya kwanza: kuchunguza chanzo cha ajali ya boila katika kiwanda cha kufulia, taarifa itolewe ndani ya siku kumi na nne. Alisaini barua akiegemea goti. Aliposaini mkataba ndipo akaona tarehe. Wanasheria wa wizara, ili mwaka wa utumishi usikatike, walikuwa wameurudisha nyuma: ajira ilianza siku ya kwanza ya mwaka wa fedha.

Aliisoma mara mbili. Kisha akampa Stoo aisome, na Stoo akampa Spika.

— Ina maana, Spika alisema taratibu, kwa sheria, ulikuwa kazini. Muda wote huu.

— Ndiyo.

— Hata siku ile.

— Ndiyo, Mkaguzi alisema. Na Jumatatu ya kabla yake.

Ndipo akawaambia. Aliwaambia yote: geti, mlinzi, safu ya pili, wanawake waliokuwa wanacheka nyuma ya ukuta, na jinsi alivyolikata jina lake kwa mstari mmoja. Hakuna aliyemlaumu na hakuna aliyemwondolea lawama. Stoo alitazama funguo zake. Mama Birika akachochea makaa.

Siku hiyo alikwenda kiwandani. Daftari la wageni alilijaza safu zote tatu. Alipiga picha mshono wa nyuma ulipopasukia, akapima unene wa chuma, akaichomoa valvu kutoka kwenye kifusi. Waya ulikuwa bado umeishika, mizunguko minne, haukulegea hata kidogo. Meneja, akiwa na mkono kwenye bendeji, alimfuata nyuma akirudia kwamba valvu mpya ilikuwa njiani. Mkaguzi aliyaandika yote, na chini ya "Taarifa za awali kuhusu hatari" aliandika kwamba Ofisi ya Kazi iliarifiwa kwa maandishi wiki ya nne, na kwamba mkaguzi alifika getini wiki ya tano na akarudi. Akaweka jina lake. Ofisa mkuu aliposoma mstari huo alimshauri aufute, kwa faida ya wote. Hakuufuta.

Kesho yake, asubuhi, mwanamke mmoja alisimama mbele ya benchi na begi la nguo mkononi. Alikuwa na nyusi za Mvuke kabla hazijaungua. Mama Birika alimtambua kwanza, akampisha kigoda.

— Karibu, dada. Pole sana. Pole kwa yote.

— Nimeshapoa. Nimekuja kuchukua vitu vyake, narudi nyumbani leo. Alisema kuna watu hapa wanaomnywesha kahawa. Nikaona nisipite bila kuwasalimu.

Walimpa mkono mmoja mmoja. Walimtaja marehemu kwa wema wake, na ulikuwa wema wa kweli. Stoo alieleza habari za rafu. Spika alieleza habari za Bunge: wizara, Hazina, kamati, kifungu cha tisa, sheria ya muda, neno lililotoka na neno lililoingia, na kwamba kwa kukosa bajeti wakaguzi wote wa mkataba nchi nzima walikuwa nyumbani, ndiyo maana boila haikukaguliwa na waya kwenye valvu haukuonekana. Alieleza vizuri, kwa heshima, hatua kwa hatua. Dada wa marehemu alisikiliza akiwa amekunja mikono juu ya begi, akiitikia kwa kichwa pale alipoelewa.

Spika alipomaliza, dada yule akauliza:

— Hiyo valvu mtu akitaka kuiona, anahitaji mashine gani?

— Hakuna, Mkaguzi alisema. Unaiona kwa macho.

— Kwa macho tu?

— Kwa macho tu, dada.

— Sasa kuangalia kwa macho, dada yule aliuliza, kulihitaji bajeti ya nini?

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu wa kutoka mbali anayejua kwamba mjini kuna mambo asiyoyafahamu, na waliomzunguka ndio wanaoyafahamu. Alimtazama Spika. Spika akaokota nyundo. Alimtazama Stoo, na Stoo akawa anatafuta ufunguo mmoja kati ya funguo zake. Akamtazama Mkaguzi mwisho, na huyo aliyatazama macho yake bila kukwepa.

Dada yule alingoja. Alingoja mpaka kahawa aliyopewa ikaacha kutoa mvuke. Alipoona hakuna anayesema, akadhani labda ameuliza vibaya, akaona haya kidogo, akasimama.

— Basi nionyesheni njia ya stendi.

Hilo walilijua. Mikono mitatu ilinyooshwa kwa pamoja, na Mama Birika akaongeza wa nne.